Jinsi ya kumsaidia mkuu wa shule kwenye mtaala mpya bila kumuongezea mzigo

Kama wewe ni mwenyekiti wa bodi, afisa elimu kata, au mkuu mstaafu kama mimi ambaye simu inaita kila shule inapowaka moto, haya ni ya kwako. Nimekuwa mkuu wa sekondari ya kata huku Kanda ya Ziwa miaka mingi, nimestaafu, sasa hivi nazunguka shule tatu nne kwa kuombwa tu, hamna anayenilipa zaidi ya nauli ya bodaboda na siku nyingine samaki. Na kitu nilichokiona tangu mtaala ulioboreshwa uanze 2024 ni hiki: mtaala haukwami darasani kwanza, unakwama mezani kwa mkuu. Meza imejaa fundi, takwimu, bodi, mzazi mwenye hasira, manunuzi, na muhtasari mpya wa somo uko chini kabisa ya hilo rundo, haujafunguliwa hata ukurasa wa kwanza. Kwahiyo ukitaka kumsaidia usianze na mtaala, anza na meza.

Hatua ya 1: Nenda ukae siku nzima, usishauri chochote

Najua hii ni ngumu hasa kwa sisi wazee, mtu unafika tu getini ushaona nyasi hazijafyekwa mdomo unawasha. Funga mdomo. Chukua kiti kona ya ofisi, daftari na kalamu, andika kila kinachomfikia mkuu na saa yake.

Mwaka jana nilikaa hivyo kwa mkuu mmoja, mama wa miaka arobaini na kitu, walimu wote wanamuita Madam. Nimefika saa moja na nusu, "Shikamoo mzee, karibu, samahani ofisi imechafuka", marahaba, nikakaa. Mpaka saa nane mchana nilikuwa nimeandika hivi: simu kumi na tisa, meseji za grupu la wasap la wakuu wa wilaya sikuweza kuhesabu, maombi mawili ya takwimu ya "leo kabla ya saa sita" (yote mawili yanauliza idadi ya madawati, jedwali tofauti, mtumaji tofauti), fundi wa bomba, mzazi wa mtoto aliyeng'olewa jino kwenye mpira, mwalimu anayeomba ruhusa ya msiba, muuza daftari anayedai hela ya mwaka juzi, na mwalimu wa kompyuta aliyekuja mara tatu kusema NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, umegoma kuingia. Mtaala? Dakika kama sita hivi, akisaini maandalio ya masomo huku anaongea na simu. Hakuyasoma. Mimi pia nilikuwa siyasomi, nisijifanye mtakatifu.

Jioni mpe hiyo karatasi aisome mwenyewe. Usiongeze neno. Madam aliisoma akacheka alafu akanyamaza muda mrefu.

Hatua ya 2: Punguzeni rundo

Hapo sasa kaeni wawili na kalamu nyekundu. Kila kitu kwenye orodha kiulizwe: hili ni la mkuu kweli, ni la mtu mwingine hapa shuleni, au ni la bodi? Utashangaa, zaidi ya nusu sio la mkuu. Nidhamu ina mwalimu wake, taaluma ina mtaaluma, makamu yupo na siku nzima hana anachosaini. Wakuu wengi wanashikilia kila kitu kwa sababu posho ya madaraka wanalipwa wao na lawama zinakuja kwao, na kweli kitu kikiharibika barua ya kujieleza haiendi kwa makamu. Kwahiyo usimwambie tu "gawa madaraka", maneno ya semina hayo, andikeni. Nani anafanya nini, anaripoti siku gani, anaweza kuamua mwenyewe mpaka wapi. Karatasi moja, ibandikwe ofisi ya walimu.

Takwimu ndio muujiza wa haraka kuliko yote. Nunueni daftari moja kubwa, mwalimu mmoja alishike, kila Ijumaa anaandika upya: wavulana na wasichana kila mkondo, walimu kwa somo, madawati mazima na mabovu, matundu ya vyoo, vitabu kwa somo, wenye mahitaji maalumu, watoro wa zaidi ya siku tano. Ombi la takwimu likija mwalimu anafungua daftari anajaza jedwali dakika kumi imeisha, mkuu anapitia anatuma. Kabla ya hapo Madam alikuwa anatuma mtu kuzunguka madarasa kuhesabu madawati kila mara kana kwamba yanazaliana usiku.

Hatua ya 3: Jueni mtaala unadai nini hapo hapo shuleni kwenu

Sio Tanzania nzima, hapo kwenu. Picha kubwa mkuu anaijua: Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 toleo la 2023, elimu ya lazima inakuwa miaka 10, msingi inaishia darasa la 6, alafu sekondari miaka minne yenye mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yani wa ufundi na stadi za kazi. Ilianza Januari 2024 na awali, darasa la 1, darasa la 3 na kidato cha 1 cha amali, mkondo wa jumla ukafuata. Maana yake kwa muda mkuu anaendesha shule mbili ndani ya uzio mmoja, madarasa ya chini mtaala mpya na ya juu mtaala wa zamani, vitabu tofauti, masomo tofauti, na walimu ni wale wale.

Kwahiyo chukueni karatasi ya manila mchore madarasa yote, kila darasa linasoma mtaala upi, masomo yapi ni mapya, nani anafundisha, muhtasari wa somo upo au haupo, vitabu ni vingapi. Mihtasari na vitabu vingi vipo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), bure. Pakueni muhtasari wa kila somo jipya mchapishe nakala ngumu, maana mwalimu anayeambiwa "upo kwenye simu" hausomi, betri imeisha, bando limeisha, kisingizio hakiishi.

Alafu ingieni darasani. Nikiwa na Madam tuliingia kwenye kipindi cha Historia ya Tanzania na Maadili, somo jipya linalofundishwa kwa Kiswahili hata sekondari. Mwalimu ni mzuri kabisa, History ameifundisha miaka kumi na kitu kwa Kiingereza, na ndipo tatizo lilipo. Kaandika ubaoni kichwa cha somo vizuri, akaanza kueleza mifumo ya uzalishaji, akafika mahali akasimama, kageuka dirishani, kasema taratibu "feudalism... feudalism ni..." watoto kimya, mmoja wa nyuma akasema "umwinyi, mwalimu". Mwalimu akacheka, akaandika "umwinyi" ubaoni akapigia mstari. Baada ya kipindi akatuambia anajiandaa usiku na kamusi, kwa sababu istilahi zote anazo kichwani kwa lugha nyingine.

Sasa hapo semina ya siku tatu mjini haimsaidii sana. Kilichomsaidia ni mwalimu wa Kiswahili wa pale pale shuleni kukaa naye nusu saa kila Jumatano wapitie mada ya wiki inayofuata. Ndio hiyo MEWAKA yenyewe, mafunzo endelevu ya walimu kazini, na jumuiya za ujifunzaji zimewekwa kwa kazi hii hii, ila shule nyingi imegeuka kikao cha kusomeana nyaraka na kunywa chai. Mwambie mkuu aweke kanuni moja tu: kikao cha jumuiya kina mada moja ya somo moja, kuna mtu anafundisha mbele ya wenzake dakika ishirini, wengine wanasema walichokiona. Matangazo yaende asubuhi mstarini.

Na mkuu mwenyewe awe anakaa nyuma ya darasa vipindi viwili kwa wiki. Viwili tu. Simu aiache kwa makamu.

Hatua ya 4: Hesabuni vipindi na walimu bila kujidanganya

Ratiba nyingi nilizoona zimejaa ukutani na darasani hamna mtu. Somo limeandikwa, jina la mwalimu limeandikwa, ila mwalimu huyo ana vipindi 34 na hajasomea hilo somo. Elimu ya Biashara ndio imenichekesha zaidi, shule moja walimpa mwalimu wa Jiografia, nikauliza kwanini yeye, nikaambiwa mke wake ana duka.

Fanyeni hivi: jumla ya vipindi vya kila somo kwa wiki, gawa kwa mzigo wa haki wa mwalimu mmoja, mtaona pengo ni walimu wangapi. Hiyo namba iende kwa mkurugenzi kupitia afisa elimu sekondari kwa barua yenye jedwali, nakala ibaki kwenye faili. Barua ya "tuna upungufu mkubwa wa walimu" haina nguvu, ya "Biashara vipindi 24, mwalimu mwenye sifa 0" ina nguvu. Haileti mwalimu kesho, lakini wathibiti ubora wakija na kuuliza, mkuu ana karatasi ya kuonyesha kwamba alisema na lini. Wakati mnasubiri, ongeeni na shule jirani mbadilishane siku, wao wana mwalimu wa Biashara nyie mna wa Fizikia. Wakuu wawili wakielewana hili linawezekana kabisa, tatizo huwa ni wakuu kutokuongea mpaka wakutane kwenye vikao vya TAHOSSA, umoja wa wakuu wa sekondari.

Hatua ya 5: Hela, kaeni hapa muda mrefu

Hapa ndipo wakuu wanapoteza usingizi na vyeo. Wazazi wengi wakisikia elimu bila ada wanadhani shule inapokea hela nyingi, kwahiyo fanya hesabu na mkuu alafu muifanye tena mbele ya bodi na wazazi, wazi, kwa chaki ubaoni. Ruzuku ya uendeshaji sekondari ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na nusu yake inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Shuleni ni 12,500. Wanafunzi 600 ni 7,500,000 kwa mwaka, yani 625,000 kwa mwezi. Ongeza fidia ya ada, 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa, nayo ni 1,000,000 kwa mwezi kwa shule hiyo hiyo. Sasa humo toa mlinzi, umeme, maji, karatasi za mitihani, wino wa mashine, kemikali za maabara, nauli za mkuu kwenda halmashauri. Mtaala mpya unataka mtoto afanye kwa mikono, apime, apande, aunde, kila kitu hicho ni kifaa, na kifaa ni hela.

Nimeona wazazi wakibadilika kabisa baada ya hesabu hii. Mzee mmoja alikuja kikaoni kugomba, akaishia kuuliza "sasa hiyo laki sita si ndio bili ya umeme tu?"

Ndipo linakuja suala la michango. Wakuu wenzangu wote tunakumbuka Januari 2018 Rais Magufuli alipopiga marufuku michango mashuleni, kuna watu walilala na vyeo wakaamka hawana. Tangu hapo mkuu akisikia neno mchango jasho linamtoka hata kama ni wazazi wenyewe wanataka kuleta mahindi watoto wapate uji. Cha kumsaidia ni utaratibu, usimpe moyo mtupu. Wazo litoke kwenye mkutano wa wazazi sio kwa mkuu, muhtasari wa kikao uandikwe na mahudhurio yasainiwe, bodi ijadili, kibali cha maandishi kipatikane juu kabla ya debe la kwanza, kamati ya wazazi wenyewe ipokee na kutunza, mwalimu yeyote asishike hela wala mahindi, na mtoto ambaye mzazi wake hakuchanga asirudishwe nyumbani wala kunyimwa uji. Hiyo ya mwisho ndio inayowaangusha wengi. Mwalimu wa zamu mmoja mwenye kiherehere akimtoa mtoto mmoja kwenye foleni, mzazi akapiga picha, imeisha.

Na FFARS, mfumo wa hesabu na taarifa za fedha za shule, msiifanye kitu cha mhasibu peke yake, kama mhasibu mnaye, maana shule nyingi ni mwalimu wa hesabu tu kabandikwa kazi. Kila mwisho wa mwezi mkuu achapishe taarifa, ilinganishwe na risiti zilizopo kwenye faili, wasaini wawili. Nusu saa. Mkaguzi akija baada ya miaka miwili hamtaanza kutafuta risiti ya chaki iliyofifia.

Hatua ya 6: Ujenzi

Madarasa na maabara yanajengwa kwa fedha za serikali na miradi kama SEQUIP kwa sekondari na BOOST kwa msingi, fundi wa kawaida, kamati za shule: ujenzi, manunuzi, mapokezi. Kwenye karatasi ni nzuri. Kiuhalisia mkuu anakuwa msimamizi wa saiti miezi mitano na taaluma inakufa.

Niambieni nyie, mkuu aliyesomea Baiolojia anajuaje nondo ya milimita 12 na ya 10 kwa macho? Mimi nilisainia mifuko 200 ya saruji iliyokuwa 180. Lori lilifika usiku, mvua, dereva ana haraka, kamati ya mapokezi wawili wamelala mmoja yuko msibani, nikasaini kwa kuamini. Asubuhi tunapanga stoo tunahesabu, 180. Niliitafuta ile mifuko 20 miezi, nikailipa mfukoni taratibu.

Kwahiyo mfundishe mkuu haya tu: mzigo hauingii usiku, hausainiwi bila watu watatu wa mapokezi kuhesabu kwa kugusa, na daftari la stoo linaandikwa hapo hapo mlangoni. Mtafutie mtu anayejua ujenzi kwenye jamii, fundi mstaafu, mtu wa VETA, awe anapita saiti mara mbili kwa wiki. NeST wafundishwe walimu wawili sio mmoja, huyo mmoja akihamishwa manunuzi yote yanasimama.

Hatua ya 7: Bodi

Mkuu ndiye katibu wa bodi, na bodi ndiyo inamsimamia, hapo tayari kuna utata kidogo. Ikiwa nzuri ni ngao yake. Ikiwa mbaya ni diwani anataka hiki, mwenyekiti anataka kile, na mkuu katikati kama unga kwenye jiwe la kusagia. Niliwahi kuwa na mwenyekiti wa bodi ambaye kila fundi aliyemkubali alikuwa ana undugu naye, nikakataa mmoja tu, mwaka mzima vikao havikutimia akidi.

Kama wewe ndiye mwenyekiti, msaada wako mkubwa ni kukubali kuambiwa hapana kwenye tenda, na kusimama wewe mbele ya wazazi wakati wa maneno, mkuu abaki nyuma yako. Kama wewe ni mlezi tu kama mimi, msaidie mkuu kuandaa kikao: ajenda ifike wiki moja kabla, taarifa ya fedha ukurasa mmoja wenye namba tatu, zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki, na maazimio yasomwe kabla watu hawajainuka, nani atafanya nini mpaka lini. Muhtasari wa kikao uandikwe siku hiyo hiyo. Niliona muhtasari mmoja ulioandikwa baada ya miezi miwili, kwenye "Mengineyo" kulikuwa na azimio la kuuza miti ya shule ambalo hakuna mjumbe aliyelikumbuka, na miti ilikuwa imeshauzwa.

Na kila kikao bodi iulize maswali mawili ya mtaala kabla ya hela: somo gani jipya halina mwalimu, na mkuu ameingia darasani mara ngapi tangu tukutane. Mwanzoni wajumbe wataona aibu kuuliza, wanasema sisi sio walimu. Kikao cha tatu wanazoea, na wanakuwa wakali kweli.

Hatua ya 8: Mkuu mwenyewe

Hapa kwa kifupi. Wakuu wanne watano wa jirani wakutane mara moja kwa mwezi bila afisa yeyote, bila posho, bila taarifa ya kuandika, waongee. Presha na sukari zimewachukua wengi wetu. Mkuu mpya aliyetoka darasani moja kwa moja aombewe mafunzo kwenye chuo cha uongozi wa elimu, ADEM Bagamoyo au matawi yake, na kama nafasi haijapatikana asikae anaisubiri, akae siku mbili ofisini kwa mkuu mzoefu aone anavyofungua faili. Kwa simu za saa nne usiku, mwambie azime. Shule haiungui kila usiku.

Hatua ya 9: Mwaka 2028 uanze kuhesabiwa sasa

Hili wakuu wengi wanalijua ila wamelisukuma mbele. Walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la 3 mwaka 2024 wanafika darasa la 6 mwaka 2027 na kumaliza msingi, na mwaka huo huo wa mbele yao wako darasa la 7 nao wanamaliza. Makundi mawili yanatoka pamoja, na kwa mpangilio huo Januari 2028 yote yanabisha hodi kidato cha 1.

Keti na mkuu, mpigie simu kila mwalimu mkuu wa shule za msingi zinazowaletea watoto, muulize madarasa hayo mawili yana wangapi leo. Jumlisha makundi yote mawili. Weka hiyo namba mbele ya bodi kikao kijacho, andika barua halmashauri yenye hiyo namba na idadi ya vyumba mlivyonavyo, kabla bajeti haijafungwa. Na kwenye barua anza na matundu ya vyoo, sababu madarasa watu watayakumbuka wenyewe.